Ndege Iliyoruka Siyo Iliyotua

Tarehe 3 Machi

Mume wangu mdogo,

Ninayesema ni mimi bibi yako, anayeandika ni Karani, yule wa posta wa nyumba ya pili. Siku hizi amestaafu, na mkewe kasema afadhali aje kuniandikia mimi kuliko kushinda sebuleni anamfundisha yeye kupika. Sisi wazima. Mama yako kikohozi kimemwacha, ukali umemrudia. Goti langu la kushoto linaniambia mvua inakuja hata kama haiji, siku hizi linadanganya. Mke mwenzangu hajambo? Na kitukuu changu je, anashika shingo?

Sasa sikiliza. Mama yako kaleta televisheni ndogo, picha nyeusi na nyeupe. Kila Jumamosi saa kumi jioni wanaonyesha michezo ya zamani ya mpelelezi, mwanaume mrefu mwenye koti, halivui hata jua likiwaka. Mimi namwita Koti. Lugha yao siijui. Mama yako ananieleza huku anapiga pasi, kwa hiyo nusu nakisia. Lakini macho ninayo.

Jumamosi iliyopita tajiri mmoja kapanda ndege anakimbia. Imeondoka na madirisha matano, nimeyahesabu kwa kidole juu ya kioo mpaka mama yako akanifokea. Imetua na madirisha saba. Imeondoka na mapanga mawili ya kuzunguka, moja kila bawa, imetua na manne. Nikasema, hiyo siyo ile. Mama yako akasema, mama, angalia mchezo. Nikasema ndiyo ninaouangalia. Na Koti yuko palepale na kofia yake, haoni kitu. Mpelelezi gani huyo?

Wewe ndiye fundi wa ndege, niambie. Maana uliahidi mwezi wa saba nitapanda ndege ya kwenu nije kumwona mtoto, na watu nimeshawaambia. Muuza mkaa nimemwambia mara mbili. Nisije nikapanda yenye madirisha matano nikashuka ya saba.

Bibi yako.


Tarehe 19 Machi

Mke wangu mkubwa, shikamoo,

Barua nimeisoma karakanani, mafundi wote wamecheka mpaka mkuu wetu akatoka ofisini kuuliza kuna nini. Sisi wazima. Mtoto anashika shingo na anashika nywele za mama yake pia.

Bibi, umewakamata. Wale watu wa sinema hawakuwa na ndege ya kurusha kila wiki. Walikuwa wanachukua kipande cha picha cha zamani stoo, wanakibandika. Ndege inaondoka ya kampuni hii, inatua ya kampuni nyingine. Na sauti wanabandika vilevile. Sikiliza vizuri, utasikia ndege ya mapanga inalia kama jeti. Na yule rubani anayezungusha usukani kama dereva wa lori, muache. Rubani wa kweli mkono wake hata hausogei. Mawingu nyuma yake ni picha ukutani.

Yako itakuwa moja, kuondoka na kutua. Ni ndogo, watu tisa na rubani, mabawa juu, magurudumu yake hayakunjwi. Inakuja huko kwenu kila Jumatano na kurudi. Hapa tunaiita Shangazi, kwa sababu inalalamika njia nzima lakini inafika. Ninaitunza mimi kwa mikono yangu. Utakaa dirishani.

Mjukuu wako, Fundi.


Tarehe 6 Aprili

Mume wangu,

Sisi wazima, mvua imekuja, safari hii goti lilisema kweli. Mama yako amepandishwa cheo pale ofisini, sasa anarudi amechoka zaidi, ndiyo faida ya cheo.

Nimesikiliza kama ulivyoniambia. Ni kweli, mapanga yanazunguka lakini sauti ni ya kitu kingine kabisa. Sasa mchezo umeniharibikia na ninaupenda zaidi. Nina maswali, Karani anayapanga. (Nayapanga, lakini anayavuruga. Karani.)

Rubani kwa nini anavaa miwani ya jua ndani ya mawingu? Ile taa inayowakawaka mbele yake ya nini, maana kila ikiwaka mtu anakufa? Na Koti alifungua mlango angani, mtu akaanguka, kofia ya Koti haikutikisika. Upepo ulikwenda wapi?

La mwisho. Juzi ndege imeanguka na tajiri ndani. Koti kaenda karakanani kwa fundi. Yule fundi wamempaka mafuta shavuni vizuri, kama poda. Koti kafungua daftari la ndege, kamwonyesha sahihi, kamuuliza, hiki ulichosaini, ulikiona kwa macho yako? Hapo hata mama yako aliacha pasi. Fundi akachukua kitambaa akafuta mikono, na mikono ilikuwa safi tangu mwanzo. Nikaona aibu mimi niliyekaa kwenye kiti.

Kwenu kuna hiyo? Fundi anaweza kusaini kitu ambacho hakukiona?

Nimeshonesha gauni la safari, la kijani. Fundi cherehani ananiita abiria.

Bibi yako.


Tarehe 15 Mei

Shikamoo bibi,

Samahani nimechelewa, kazi nyingi. Mtoto ameota jino. Mke wangu anakusalimu.

Miwani wanavaa ili wapendeze tu. Ile taa ni ya kuonya kwamba mafuta au joto haliko sawa, na kwa kweli haiwaki ovyo. Mlango wa ndege ukiufungua angani, kofia haiwezi kubaki, hata wewe huwezi kubaki.

Kuhusu safari, naona uje kwa basi. Mwezi wa saba ndege inajaa sana, na kwa basi utaona nchi. Nitakupokea stendi.

Hongera kwa mama.

Fundi.


Tarehe 24 Mei

Mume wangu,

Hatujambo. Ukweli mama yako na Karani hawajambo, mimi sijui.

Barua yako Karani kanisomea mara ya kwanza, nikasema rudia. Karudia, nikasema rudia tena. Akaniuliza, bibi, umepungukiwa masikio? Nikamwambia masikio yapo, kilichopungua ni jibu. Nilikuuliza manne. Umejibu la miwani, umejibu la taa, umejibu la mlango. La fundi na daftari umelipita kama mtu anayempita mgeni asiyetaka kumsalimu.

Basi ningesema umesahau, kazi nyingi. Lakini hapohapo ukaniambia nipande basi. Siku mbili kwenye basi, na goti hili unalijua. Nchi nimeiona, nimeiishi miaka sabini na kitu, haina jipya la kunionyesha. Na mwezi wa tatu ulisema nitakaa dirishani. Mtu akishaniwekea dirisha, ndege inajaaje?

Kwanza niliona aibu, nikadhani mke mwenzangu hataki kikongwe nyumbani mwake. Nikamwuliza mama yako, akasema mama unaanza. Halafu nikakumbuka jinsi ulivyokuwa mdogo. Ukivunja kikombe, hukuja kusema umevunja. Ulikuwa unakuja kuniambia, bibi leo usinywe chai.

Nini kimevunjika huko?

Bibi yako.


Tarehe 3 Juni

Bibi,

Hakuna kilichovunjika. Hayo ni mambo ya sinema, tafadhali usiyalete kwenye kazi yangu.

Na hata kama lipo la kusema, nitalisemaje? Kila ninachokuandikia lazima kipite kwenye mdomo wa mtu mwingine kwanza.

Nakuomba uje kwa basi. Nakuomba sana.

Fundi.


Tarehe 9 Juni

Fundi,

Barua yako Karani kaisoma, akavua miwani. Halafu akaniomba aandike lake. Nimempa nafasi.

(Mwanangu, miaka thelathini na moja nimewasomea watu barua zao dirishani pale posta. Nimesoma talaka, nimesoma misiba, nimemsomea mwanamke barua ya mumewe kwa mke mwingine, na jioni nikasalimiana na huyo mume njiani. Mke wangu mwenyewe hajawahi kupata neno, na amejaribu. Andika. Karani.)

Umesikia. Mimi sasa nina moja tu, sikuongezei mengine. Usingizi umekuwa wa vipande. Jumatano ikifika natoka nje asubuhi, naitazama Shangazi yenu inavyoshuka kule nyuma ya mabati ya ghala, nabana pumzi mpaka isikike imetulia. Jirani kaniuliza, bibi, unangoja mgeni? Wanashuka watu mle. Juzi nilisogea mpaka uwanjani, nikamwona mama kashuka na mtoto mgongoni, kamfunga na khanga ya njano, anacheka na mtu wa mizigo.

Ndege usiyotaka mimi niipande, wale wanaoipanda ni bibi za nani?

Bibi yako.


Tarehe 17 Juni

Bibi, shikamoo. Na kwa Karani, shikamoo.

Mke wangu hajui hili. Ninaandika nikiwa stoo ya matairi.

Kwenye mguu wa Shangazi, pale unapoungana na mwili, kuna bolti kubwa, inaweza kuwa nene kama dole gumba lako. Ndege ikitua, uzito wote unapita hapo. Kila baada ya kutua mara kadhaa lazima uichomoe, uisafishe, uipake rangi nyekundu, uifute, uipulizie unga mweupe. Kama ina ufa, hata usioonekana kwa macho, rangi inarudi inachora mstari kwenye unga. Kazi ya siku nzima, na ndege haitoki.

Mwezi wa nne muda wake ulifika. Unga ulikuwa umeisha, umeagizwa haujaja. Mkuu wa karakana akasema abiria wa kesho wameshakata tiketi, wewe saini, wiki ijayo tutaifanya. Wiki ijayo, bibi. Nilikuwa nimemuomba ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali, na alikuwa amenipa. Nikasaini. Nikaandika nimeichomoa, nimeipima, nzima. Sikuigusa.

Barua yako ya yule fundi ilinifikia siku nne baadaye. Nilidhani mtu amekuambia.

Wiki ikapita. Unga ulikuja. Nikamkumbusha, akasema kwenye daftari imeshapimwa, tukiichomoa tena tutaandika nini? Nikamwambia basi tuseme kweli. Akasema hakuna tuseme hapa, sahihi ni yako. Na ni yangu. Nikisema, leseni inakwenda. Nyumba tunayokaa ni ya kampuni. Mtoto ana meno mawili.

Huenda bolti ni nzima. Nyingi zinakuwa nzima. Kila Jumatano nasimama mlangoni mpaka irudi.

Sasa umejua. Njoo kwa basi.

Fundi.


Tarehe 21 Juni

Mume wangu,

Ahsante kwa kunijibu. Kitukuu changu meno mawili, hongera zake.

Mimi sijui bolti. Darasani sijakaa hata siku moja, jina langu mwenyewe nikilikuta ukutani napita. Kwa hiyo sitakufundisha kazi, na Karani nimemkataza kuweka mawaidha, maana aliyaandaa. (Nilikuwa na mistari miwili tu. Karani.)

Nakueleza nilichofanya. Leo asubuhi nimevaa lile gauni la kijani, nimekwenda na Karani kwenye ofisi yao ya tiketi pale karibu na benki. Binti wa pale ana kucha ndefu, anaandika kwa kalamu kaishika kwa mbali kama inamchoma. Nikamwambia nataka Shangazi. Akasema bibi, hatuna shangazi hapa. Karani akamweleza. Nimekata tiketi ya Jumatano tarehe tano Julai, kiti cha dirishani. Ndege haikuwa imejaa hata kidogo, viti vinne viko wazi.

Mama yako nimemwambia nakwenda kumwona mtoto tu. Nikimwambia yote atakuja huko kwa miguu.

Usiniandikie niahirishe. Karani nimemwambia barua yoyote yenye neno basi asinisomee. Kama siku hiyo Shangazi iko salama kupandwa na yule mama wa khanga ya njano na mwanawe, basi iko salama na kwangu. Kama siyo salama, wewe ndiye unayejua nani wa kuambiwa. Mimi sijui hata mlango wa ofisi yake.

Usipokuwa umesema chochote, nipokee uwanjani. Nitakuwa na begi moja na kuku wa mbao niliyemchongeshea mtoto.

Bibi yako.


TELEGRAMU, tarehe 4 Julai

USIENDE UWANJANI. SHANGAZI HAIRUKI. NIMESEMA. BARUA INAKUJA. FUNDI.


Tarehe 7 Julai

Bibi, shikamoo,

Barua yako ilifika Jumamosi. Siku mbili sikula. Mke wangu alidhani malaria. Jumapili nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, na siku ile uliyosaini ulirudi ukambeba mtoto? Nikasema ndiyo. Akaingia ndani.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya mkaguzi wa ndege. Nilikaa benchi mpaka saa tano, watu wawili walikuja nyuma yangu nikawapisha watangulie. Wa tatu alipokuja, mkaguzi mwenyewe akachungulia akasema, na wewe je, unangoja nini? Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Alichukua kofia yake tukaenda kwa gari lake. Shangazi ilikuwa inapakiwa mizigo ya safari ya Jumatatu. Wakashusha mizigo, wakashusha watu, wakaipandisha kwenye jeki. Mkuu wa karakana akasema mbele ya wote, si ndiye aliyesaini? Nikasema ndiye mimi.

Waliniacha nisimame lakini sikuruhusiwa kushika kitu. Bolti ikatoka, imekaza, walihangaika nayo. Wakaisafisha, rangi, wakaifuta, unga. Halafu unangoja, dakika kumi hivi. Mkaguzi alikuwa anaangalia saa, mimi naangalia unga. Ulikaa mweupe, mweupe, nikaanza kuwaza nimejiua bure.

Mstari ulianza upande mmoja. Mwembamba, mwekundu, unatembea polepole. Ulikuja ukazunguka nusu ya bolti.

Rubani alikuwa pale, yule anayeirusha kila siku. Akaniuliza, tangu lini? Nikasema mwezi wa nne. Akatoka nje akaketi kwenye ngazi ya abiria. Sikuweza kumfuata.

Leseni wameichukua. Kutakuwa na kesi, mkuu naye ameitwa. Nyumba tunatoka mwisho wa mwezi. Mke wangu ameanza kufunga vyombo, bado haongei na mimi sana, lakini jana aliniwekea chakula.

Bibi, niambie kweli. Ile Jumatano ungepanda?

Fundi.


Tarehe 14 Julai

Mume wangu,

Sisi wazima. Mama yako sasa anajua yote, alisimama na pasi mkononi mpaka shati la ofisini likaungua. Alilia, halafu akasema anakwenda kumnyonga huyo mkuu wa karakana kwa mikono yake, kwa hiyo ujue amekusamehe.

Umeniuliza, nakujibu. Ningepanda. Begi lilikuwa mlangoni. Telegramu ilipofika nilikuwa nimevaa kiatu kimoja, Karani kaja anakimbia, na yeye hajakimbia tangu alipokuwa kijana. (Sikukimbia. Nilitembea haraka. Karani.) Alinisomea nikakaa chini sakafuni palepale, goti likakubali bila ugomvi. Niliogopa, usidhani sikuogopa. Nilikuwa nimeshamwambia Karani gauni la kijani nizikwe nalo, akakataa kuandika.

Lakini nikuambie kilichonitoa jasho zaidi. Zile wiki mbili nilikuwa nakaa ukingoni mwa kitanda najiuliza, huyu niliyemlea atasema, au atakuja kunipokea uwanjani? Sikujua. Nimekubeba mgongoni, nimekuogesha, najua ulipochanika na uliponyolewa vibaya, na hilo nilikuwa silijui kabisa. Nilimwuliza mama yako bila kumwambia sababu, mwanao ni mtu gani? Akasema mtoto mzuri tu. Nikaona na yeye hajui.

Sasa najua. Ungeniuliza mimi ningesema bei yake ni kubwa, lakini najua.

Chumba cha nyuma tumetoa magunia na baiskeli mbovu ya babu yako, mama yako amepaka chokaa, dirisha linafunguka vizuri. Mwambie mke mwenzangu asiache sufuria zake, zangu zimetoboka. Wewe ukija, Karani anasema fundi wa pampu za maji pale sokoni anatafuta mtu wa mikono mizuri. Nimemwambia Karani akamwambie yule fundi kila kitu kwanza, asikie kwetu. Yule fundi akasema, basi aje tu, mtu wa kusema kweli hivyo hata nikimwachia duka nitalala usingizi.

Njooni siku yoyote.

Bibi yako.